Paka, Punda na Chungu cha Rehani: Yasemwayo na Yaliyo Kweli kuhusu Bustani ya Nyumbani Masika Yakikaribia

Kaskazi ikilegea mwishoni mwa Machi, Lamu huingia siku za tanga mbili. Upepo haujaamua uende wapi, joto limejaa vichochoroni, na juu ya dari kila mwenye vyungu anaangalia upande wa kusini. Ulaya siku hizi ni mwanzo wa majira ya machipuko, watu wanangoja baridi itoke udongoni. Huku kinachongojewa ni mvua ya kwanza, ile inayoamsha harufu ya vumbi kwenye kuta za matumbawe. Siku chache baada yake asmini iliyokuwa kama kuni inatoa vichipukizi, mchicha unatoboa mchanga, na paka wa nyumba anahamia chini ya rehani kwa sababu hapo ndipo penye ubaridi.

Bustani isiyo na mnyama ni nadra pwani hii. Katika mji wa mawe wa Lamu paka ni wa kila nyumba na wa kila mtu, punda hupita mlangoni, kuku wako uani. Malindi, ambako viwanja ni vipana, wengi wana mbwa. Mnyama na mmea wanaweza kukaa pamoja kwa raha kabisa. Kinachowagombanisha mara nyingi ni mambo tunayoambiana bila kuyachunguza, na baadhi ya mambo hayo huua paka wasio na hatia kila msimu.

“Ngoja masika yaingie ndipo uanze”

Ukingoja, umechelewa. Lamu na Malindi mvua huwa nyingi zaidi mwezi wa Mei, na matone ya Mei huzoa mbegu ndogo kama za mchicha na kuzirundika pembeni mwa chungu. Kazi ya udongo ni ya Machi. Mbegu ziingie wiki za mwanzo za Aprili, ili mvua kubwa ikija miche iwe na mizizi ya kujishikilia. Mchicha huota ndani ya siku 3 hadi 5 na huanza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4. Bamia na kunde nazo hupenda joto hili. Nyanya ni shughuli nyingine: majani yanayolowa kila siku hushikwa na ukungu, kwa hiyo iwe chini ya ukingo wa paa au ingoje mvua zipungue. Pakiti ya mbegu iliyoandikwa “panda majira ya machipuko” inazungumza na mtu mwenye theluji, haizungumzi na wewe.

Chombo kizuri cha nyumba ya Lamu ni ndoo ya lita 20 au mtungi wa plastiki uliokatwa juu. Toboa matundu 6 ya sentimita 1 chini. Changanya sehemu 2 za udongo wa mchanga, sehemu 1 ya samadi iliyooza na sehemu 1 ya vumbi la makumbi. Hapo kwenye makumbi wengi hukosea. Makumbi ya kusokotea kamba hulowekwa baharini, na chumvi hubaki ndani. Yatie kwenye karai, mimina maji matamu, kamua, mwaga. Rudia mara tatu. Ukiacha hatua hiyo, ncha za majani zitaungua na utadhani ni jua.

Maji ya kisima yenye chumvi huleta dalili ileile, pamoja na utando mweupe juu ya udongo. Maharagwe ndiyo yanayoumia mwanzo. Mchicha huvumilia zaidi. Mvua ndiyo dawa: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 20 za mraba likipata milimita 10 linakupa lita 200. Maji ya mvua ya kwanza kabisa yaache yaende zake, maana yanaosha kinyesi cha ndege na paka kilichokaa paani tangu vuli.

“Majivu hunenepesha kila udongo, na hufukuza paka”

Uongo mara mbili. Majivu hupunguza ukali wa udongo wenye asidi, kama wa milimani kwenye mvua nyingi. Udongo wetu umetokana na matumbawe, tayari una chokaa ya kutosha. Ukiongeza majivu, madini ya chuma hufungika, mmea hauwezi kuyafyonza, na majani mapya hutoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona hivyo kwenye mlimau wako, jivu jingine ni kuongeza ugonjwa. Ongeza samadi iliyooza na matandazo.

Kuhusu paka: majivu yakilowa hugeuka kitu kikali kinachochoma. Paka hukanyaga, kisha hujilamba miguu. Anachopata ni vidonda vya ulimi, na kesho atachimba chungu cha pili.

“Paka huchimba kwa ukorofi”

Mtazame alfajiri. Anapanda juu ya ndoo, ananusa, anapapasa kwa mguu mmoja mara mbili au tatu, anasimama, anapapasa tena. Anapima. Anatafuta udongo mkavu, mlaini, wa kina cha kutosha kufukia haja yake. Akikuta umelowa au umefunikwa anashuka. Kwa paka, kitalu kilichotifuliwa jana na kukauka juu ni choo kilichoandaliwa vizuri kuliko vyote mtaani, na hana namna ya kujua kwamba chini yake kuna mbegu za bamia.

Kwa hiyo anza na choo chake kabla ya kitalu chako. Beseni la sentimita 40 kwa 60, mchanga mkavu kina cha sentimita 10, mahali penye kivuli na pasipopitwa na watu. Paka wawili, mabeseni matatu: idadi yao na moja zaidi. Kinyesi kitolewe kila siku, kwa sababu itakayoelezwa mbele. Mchanga wa kujengea uliobaki unatosha. Usiuchote kwenye vilima vya Shela, maana ndivyo vinavyochuja na kutunza maji matamu ya Lamu.

Kisha fanya kitalu kisipendeze. Nyunyizia maji jioni ili uso wa udongo uwe na unyevu usiku na alfajiri, saa ambazo paka huhangaika zaidi. Panga vigae vya vyungu vilivyovunjika au kokoto za ukubwa wa yai, ukiacha nafasi za miche tu. Njia nyingine nzuri ni chelewa za ufagio: zikate urefu wa sentimita 50, ziloweke usiku kucha ili zisivunjike, kisha zipinde kama upinde na kuchomeka ncha zote mbili udongoni, nafasi ya sentimita 7 kati ya moja na nyingine. Zisiachwe zimesimama wima, kwani ncha ya chelewa iko sawa na jicho la paka anayeinama kunusa. Miche ikifika kiganja, zing’oe.

Wavu wa samaki wa zamani, ambao pwani hii haukosekani, ni mtego. Uzi mwembamba wa jarife hujikaza kwenye shingo ya paka, na mjusi au ndege hunasa vilevile. Ukilazimika kutumia wavu, uwe wa waya wa kuku, na uulaze chini ya udongo kina cha sentimita 2: mmea hupenya, kucha hazipiti.

Unga wa pilipili usiutumie kabisa. Humwingia paka machoni kupitia nyayo anapojisafisha, naye hukwaruza jicho mpaka litoke kidonda. Nafthalini ni mbaya zaidi, kwa kuwa ni sumu hata kwa mvuke wake. Chupa za maji zinazopangwa kwenye majani ili mbwa asinye hapo hazidhuru wala hazisaidii. Mbwa huzizoea mara moja.

Na mpe paka chungu chake cha kulala. Kuna chungu kimoja kila dari kinachopata kivuli saa sita mchana. Kijaze majani makavu ya mwembe hadi nusu, ukiweke karibu na rehani. Atalala pale, na utakuwa na haki ya kumwangalia ukinywa kahawa, kwani hiyo ni nusu ya raha ya bustani.

“Mavi ni mavi, yote mbolea”

Hapa ndipo penye madhara makubwa, kwa mtu na kwa mmea, basi tukae kidogo.

Mavi ya punda ni hazina ya Lamu, yanapatikana bure kila kichochoro. Lakini tumbo la punda halisagi chakula mara mbili kama la ng’ombe, na mbegu nyingi za magugu hutoka salama. Ukiyatia chunguni yakiwa mabichi, mvua ya kwanza itaotesha nyasi kabla ya mchicha. Yafanyie rundo lisilopungua mita 1 kila upande, tabaka la mavi sentimita 20 na tabaka la majani makavu sentimita 10, ulilowesha kiasi cha kitambaa kilichokamuliwa. Funika kwa makuti. Baada ya siku 3 chomeka chuma katikati, kaa dakika 10, kitoe: kikiwa cha moto kiasi cha kutoshikika, rundo linafanya kazi, liko karibu nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, na joto hilo huua mbegu za magugu, mayai ya minyoo na vijidudu vingi. Pindua kila siku 7 hadi 10, ya nje yaingie ndani. Kwa miezi 3 hivi yatakuwa meusi, yanavunjika mkononi, yananuka udongo. Yakinuka mkojo bado.

Nyumba nyingi za mji hazina mita moja ya kuweka rundo, hutumia gunia. Gunia halipati joto hilo. Basi samadi ya gunia ikae miezi 4 kabla ya kukaribia mboga zinazoliwa mbichi, au itumike kwenye asmini na mawaridi peke yake.

Mavi ya kuku yana naitrojeni nyingi mno. Mabichi huunguza mizizi. Nayo ni ya kwenye rundo, sehemu 1 kwa sehemu 4 za majani makavu. Kinyesi cha paka na mbwa hakiingii kwenye rundo la mboga kabisa, hata kikae mwaka. Wanyama hawa hula nyama, nao hubeba minyoo inayoweza kuishi ndani ya mtu. Ile mistari myekundu inayotambaa chini ya ngozi ya mguu na kuwasha usiku kucha ni viluwiluwi vya minyoo ya safura ya mbwa na paka, walioingia kutoka kwenye mchanga wenye unyevunyevu. Vaa viatu kitaluni, na mpe mnyama dawa ya minyoo kwa ratiba atakayokupa daktari wa mifugo. Kitunguu saumu, ambacho wengi huwapa paka kwa kazi hiyo, hakitoi minyoo. Huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, naye hudhoofika kwa siku kadhaa huku mwenyewe akiongeza dozi.

Wako pia wanaoogopa samadi ya punda kwa jina tu: wanasema pepopunda hutoka kwa punda. Jina limempa mnyama huyu lawama isiyo yake peke yake. Vijidudu vya pepopunda vimo udongoni dunia nzima na katika kinyesi cha wanyama wengi, na punda mwenyewe ni miongoni mwa wanaouawa nao kwa urahisi. Havikuingii kwa kushika samadi kwa ngozi nzima. Huingia kwenye jeraha la kina: mwiba wa bogenvilia, msumari, kigae. Kinga ni chanjo, na nyongeza kila miaka 10. Jeraha la kina lililochafuka kwa udongo lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha zahanati siku hiyohiyo, hasa kama chanjo yako ya mwisho imepita miaka 5.

“Mjamzito na paka hawakai nyumba moja”

Wajawazito hushauriwa wafukuze paka, na paka aliyekaa na familia miaka minane hutupwa sokoni. Ugonjwa wanaouogopa upo kweli: toksoplasmosisi, na mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika. Ila tazama unavyokwenda. Paka hutoa vijidudu hivyo kwa wiki 1 hadi 3, kwa kawaida anapoambukizwa mara ya kwanza maishani, mara nyingi angali mdogo na mwindaji. Vikitoka havijawa na nguvu ya kuambukiza; vinahitaji siku 1 hadi 5. Ndiyo maana beseni husafishwa kila siku, na mtu mwingine wa nyumbani, si mama mwenyewe. Baada ya hapo vijidudu vikiachwa udongoni vyaweza kukaa miezi mingi.

Kwa hiyo hatari ya mjamzito iko zaidi kwenye nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani ambao paka wa mtaa mzima wameutumia, kuliko kwenye manyoya ya paka aliyelala barazani. Avae glavu akigusa udongo, aoshe mikono kwa sabuni, aoshe mchicha majani moja moja, apikiwe nyama mpaka iive. Paka abaki.

“Mnyama hajui kusoma, lakini anajua sumu”

Mbuzi wa porini aliyekua na mama yake huenda akajua. Paka aliyekulia darini, mtoto wa mbwa mwenye miezi mitatu, na punda mwenye njaa hawajui. Na mvua za kwanza ndizo zenye hatari zaidi, kwa sababu kila kitu huchipua kikiwa laini na chenye utomvu.

Oleanda, ile yenye maua ya pinki na meupe kwenye kuta za nyumba nyingi za Malindi, ina sumu ya moyo katika kila sehemu: jani, ua, kijiti, hata maji ya chombo ulichotilia maua yake. Ndugu yake wa maua ya manjano yaliyofanana na tarumbeta ni hivyohivyo. Majani machache tu yanatosha kumwangusha punda mzima, na jani kavu halipotezi sumu. Wengi wanajua hili kuhusu mti uliosimama. Wanalosahau ni matawi yaliyokatwa. Masika yakikaribia watu hupogoa, matawi hurushwa kichochoroni au jaani, na punda wa Lamu hula jaani. Jani lililonyauka halina uchungu wa kumkataza kama lile bichi. Kama unayo oleanda, funga mapogoleo kwenye gunia na uyapeleke wewe mwenyewe mahali mnyama hafiki. Usiyachome, moshi wake nao unadhuru. Na kama bado huna, usipande. Uzuri wake una badala: mawaridi ya kisasa, bogenvilia, langilangi, vyote havina sumu hiyo.

Mtapo, mmea wa kale unaofanana na mnazi mfupi, hupendwa sana langoni. Sumu yake huharibu ini, na mbegu zake za rangi ya chungwa, ambazo mtoto wa mbwa huzichezea kama mpira, ndizo kali kupita zote. Ukiwa nao, okota mbegu zikianguka, usikose hata siku moja. Waridi la jangwani lenye shina lililovimba lina utomvu ambao umetumika kutilia sumu mishale. Liwe juu ya rafu ambayo paka hafiki, na ni rafu chache za aina hiyo. Mnyaa wa ua ukikatwa hutoa maziwa yanayochoma jicho la mtu na la mnyama hadi kupofusha kwa muda. Mbarika na mbono kaburi huota wenyewe kwenye viwanja vitupu baada ya mvua. Ing’oe kabla mbegu zake zenye sumu hazijakomaa. Mihogo karibu na mbuzi ifungiwe, hasa aina chungu. Na lile ua la porini lenye ncha nyekundu na njano zilizopinda juu kama miali ya moto, linalojitokeza na mvua za kwanza kutoka kwenye kiazi kilicholala, likichipua kitaluni chimba kiazi chote, maana hapo ndipo sumu ilipolundikana.

Mpenda paka mwenye kupokea maua kutoka Malindi au Mombasa atazame kitu kimoja: lili. Kulamba chavua iliyomdondokea manyoyani kunatosha kuua figo za paka ndani ya siku 3. Haziingii ndani ya nyumba yenye paka, basi.

Sasa raha. Rehani, waridi, mchicha, bamia, kunde, mnazi mdogo, asmini ya kweli: vyote hivi panda bila wasiwasi. Mwenye asmini, rehani na mkadi ana kikuba chake cha jioni bila kwenda sokoni. Chuma vitumba vya asmini alasiri vikiwa bado vimefumba, vitafumbuka vyenyewe magharibi vikiwa vifuani.

“Dawa ya asili haina madhara”

Tumbaku ni ya asili, na maji yake yaliyolowekwa ni sumu ya neva kwa paka, mbwa na mpuliziaji. Yaache.

Mwarobaini ni salama zaidi ukiutumia kwa kipimo. Ponda kilo 1 ya majani mabichi, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia kijiko kimoja cha sabuni ya kuoshea vyombo ili ishike majani, nyunyiza jioni. Jua huivunja nguvu, kwa hiyo utarudia kila wiki na baada ya kila mvua. Mfungie paka ndani mpaka majani yakauke. Mafuta ya mwarobaini yasipakwe kwenye ngozi ya paka kama dawa ya viroboto. Paka wametokwa na povu na kutetemeka kwayo.

Kibaya kuliko vyote ni dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini, ambayo hutengenezwa kiwandani kwa kuiga sumu ya pareto. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja. Matone yanayomsaidia mbwa humwingiza paka kwenye degedege. Kama nyumba ina wote wawili, soma karatasi ya dawa kabla ya kumtia mbwa, na ukiona neno hilo, chagua nyingine.

Konokono wakubwa wa pwani, ambao ni wenyeji wa ukanda huu, hutoka kwa mamia usiku wa mvua na kumaliza kitalu kabla ya asubuhi. Chengachenga za buluu za kuwaua huwa na metaldehidi na ladha ambayo mbwa huipenda; kiasi kidogo humletea mtetemeko na joto la kuua. Toka saa mbili usiku na tochi na ndoo, vaa glavu, okota. Usiku wa tatu utaona tofauti. Panya nao wasiwekewe sumu nyumba yenye paka: panya aliyekula sumu huenda polepole, ndiye anayekamatwa mwanzo, na sumu ile hukausha uwezo wa damu kuganda kwa paka pia.

Mchaichai haufukuzi nyoka wala mbu ukiwa umesimama tu. Harufu hutoka jani likipondwa. Kichaka chake kinene ndipo nyoka anapopata kivuli, kwa hiyo upunguze majani makavu ya chini. Mbu wanafukuzwa kwa kumwaga maji ya visahani vya vyungu mara mbili kwa wiki. Mwaka 2004 Lamu ilishambuliwa na chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, na mbu wake ndiyo hao wa vyombo vya maji vya nyumbani, waliozalia ndani wakati wa ukame. Wenye birika za kale, yaani matangi ya maji ya ndani ya nyumba, walijua mapema, wakaweka visamaki vya kula viluwiluwi.

“Akila sumu mpe maziwa”

Maziwa hayaondoi sumu ya oleanda, ya mtapo wala ya panya. Mnyama aliyelegea ukimmiminia kitu mdomoni hukivuta mapafuni. Usimtapishe kwa chumvi wala mafuta. Mtoe mahali pa mmea, futa mdomo kwa kitambaa chenye maji, kata tawi la mmea aliokula ulitie mfukoni pamoja na matapishi kama yapo, andika saa uliyomkuta, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Kwa punda wa Lamu kuna kliniki ya The Donkey Sanctuary iliyoanza 1987. Kwa lili, saa 18 za mwanzo ndizo za kuokoa figo. Usingoje aanze kutapika.

“Paka akila nyasi ni mgonjwa”

Sivyo. Paka mzima hula nyasi, na mara nyingine hutapika kidogo, akaendelea na safari zake. Akikosa nyasi ndipo anapotafuna mche wako. Mwoteshee zake. Mbegu za ngano au mpunga wenye maganda, kikombe kimoja, loweka kwa muda wa saa 10. Tandaza kwenye bakuli la udongo lenye sentimita 5 za mchanganyiko uleule, funika na udongo wa unene wa sarafu, weka kivulini, nyunyiza asubuhi na jioni. Usitumie mtama: mche wake mchanga una sianidi, ndiyo maana mbuzi huhema na kuanguka kwenye shamba la mtama lililochipuka upya. Siku ya nane nyasi zimefika urefu wa kidole. Anza bakuli la pili siku hiyo, na la kwanza liweke sakafuni, karibu na chungu chake cha kulala.